Daraja la Brooklyn lina nini hasa? (tunajenga daraja la kamba huku Rungwe)

KatibuWaKamati
Wakuu habari za jioni. Huku Tukuyu mvua haijakatika toka juzi na ndo sababu nimekaa kuandika. Kijijini kwetu kuna kamto kanamwaga maji Kiwira, kiangazi unaruka mawe unavuka, masika watoto hawaendi shule na akina mama wa ndizi wanazunguka mpaka kwenye daraja la gari, nusu siku imeisha. Tumechanga mwaka mzima tujenge daraja la kamba la waenda kwa miguu, mita 38.

Sasa kikao cha Jumapili kijana mmoja wa chuo katoa simu katuonyesha daraja la Brooklyn kule New York, anasema hili lina miaka zaidi ya 140 na magari yanapita mpaka leo, lenu litashindwaje na mikungu ya ndizi. Mzee mmoja akamwambia sisi tuna Daraja la Mungu hapo Kiwira, mwamba wa volkano, halina fundi wala mchango na halijaanguka. Watu wakacheka kikao kikaisha hivohivo.

Mi nimebaki na lile daraja kichwani. Nani alijenga, zile waya zinashikaje, na kwa nini dunia nzima inalijua wakati siku hizi kuna marefu kuliko hilo? Alafu kuna jamaa anatuuzia waya wa winchi uliotumika, bei nusu, anasema upo poa kabisa. Hilo nalo mnishauri.

FundiMkwawa
Kamwene kaka. Mi ni fundi chuma hapa Iringa, madaraja ya kamba nimefunga mawili matatu kwa hiyo nakujibu kwa lugha ya site.

Chukua kamba ya kuanikia nguo. Nguzo mbili katikati, ncha za kamba umezifunga kwenye vigingi ardhini kule nyuma. Anika blanketi bichi: nguzo zinakandamizwa chini, vigingi vinavutwa kutoka ardhini. Basi hilo ndo Brooklyn. Ile minara miwili ya mawe kama mita 84 kutoka majini ndo nguzo, vigingi ni majengo makubwa ya mawe kila upande ambayo wapiga picha wala hawayaangalii. Wanakijiji wengi wanamwaga hela yote kwenye nguzo alafu kigingi wanafunga kwenye mti wa mparachichi. Msifanye hivo.

Kati ya mnara na mnara ni mita 486. Lilipofunguliwa tarehe 24 Mei 1883 hakukuwa na daraja la kuning'inia refu kama hilo duniani, na ndo la kwanza la aina hiyo kutumia waya za chuma cha pua kile kigumu, stili, wenzake wengi wa nyuma walitumia chuma cha kawaida. Kebo kubwa ni 4, kila moja unene kama sentimita 40, ndani yake kuna waya 5,434 nyembamba za kuchovya zinki. Hazijasokotwa kama kamba ya katani, zimelazwa sambamba, gurudumu linaenda ng'ambo na kurudi linavuta waya moja moja mpaka kebo inajaa, alafu kebo inafungwa waya kwa nje kama unavyozungushia bandeji. Pia angalia picha vizuri utaona waya zingine zinashuka wima na zingine zinatoka mnarani kwa mshazari, zinakatana kama utando wa buibui. Ile sio urembo, ile mishazari inazuia daraja lisicheze upepo ukipiga.

Habari ya waya za jamaa yako ntarudi, sahivi nina kazi mezani.

Mwl_Njombe
Fundi kaeleza chuma, mimi niseme watu, maana mimi hilo daraja nalipenda kwa ajili ya watu.

Aliyelibuni ni John Roebling, Mjerumani aliyehamia Marekani. Enzi hizo Brooklyn ilikuwa mji wake na New York mji wake, havijaungana mpaka 1898, na watu walivuka kwa pantoni. Baridi ikikaza mto unajaa barafu pantoni zinakwama, sawa na hao akina mama wako wa ndizi wakati wa masika. Mwaka 1869 Roebling yuko gatini anapima sehemu ya kuweka mnara, pantoni likaja likamsaga mguu. Wakamkata vidole, pepopunda ikaingia, wiki chache akafa. Yaani pantoni lilimuua mtu aliyekuja kuliondolea kazi, na ujenzi ulikuwa haujaanza hata jiwe moja.

Kazi akaichukua mwanae Washington Roebling, miaka 32 tu. Kuweka msingi chini ya mto walitumia kesoni: chukua bilauri ifudikize kwenye ndoo ya maji, ndani inabaki hewa. Wao walifudikiza boksi kubwa la mbao, wakasukumia hewa kwa mgandamizo maji yasiingie, wanaume wanashuka humo ndani wanachimba kwa sururu na kulipua mawe, huku juu mnara unajengwa na uzito wake unalididimiza boksi. Tatizo lilikuwa kutoka. Mtu akipanda haraka damu yake inafanya kama soda uliyoitikisa ukaifungua, viungo vinauma mpaka anajikunja, wengine wanapooza, wengine wanakufa. Upande wa Manhattan walifika kama mita 24 chini, mwamba bado, na watu wameanza kufa. Washington akaamua basi, tunasimama kwenye mchanga huuhuu, umekaa humo miaka na miaka haujasogea. Mnara ule umekaa juu ya mchanga mpaka kesho.

Na yeye mwenyewe ugonjwa ukampata, 1872 akawa wa kitandani. Sasa hapo ndo anaingia mkewe, Emily. Jamaa anaangalia ujenzi kwa darubini kutoka dirishani, mama anabeba maagizo kwenda site na kurudi, na sio tarishi tu, alijifunza hesabu za kebo na nguvu za chuma mpaka wakandarasi wakawa wanamuuliza yeye. Zaidi ya miaka kumi. Daraja lilipokamilika yeye ndo alilivuka kwa gari la farasi kabla ya ufunguzi, mapajani kapakata jogoo, ishara ya ushindi. Wanafunzi wangu wakifika kwenye jogoo huwa wanalala kwa kicheko.

Mwanjelwa_1
Mmesahau kitu cha muhimu, hilo daraja liliuzwa 😂 kuna tapeli anaitwa George Parker alikuwa anawauzia wageni waliotoka tu melini, anawapa na makaratasi, watu wanaenda kuweka geti waanze kukusanya ushuru ndo polisi wanawatoa. Hapa Mbeya kiwanja kimoja kinauzwa kwa watu watatu tunaona ajabu.

Mwl_Njombe
@Mwanjelwa_1 hahaha kweli. Lakini kuna la kusikitisha pia, siku 6 tu baada ya kufunguliwa mtu alijikwaa kwenye ngazi, zikaanza kelele kwamba daraja linaanguka, watu wakakanyagana wakafa 12. Mwaka uliofuata Barnum yule wa sarakasi akapitisha tembo 21 juu yake. Tangazo la biashara, ndio, ila watu walitulia.

FundiMkwawa
Nimerudi. Katibu, ishu ya waya soma hii taratibu.

Mkandarasi wa waya za Brooklyn aliitwa Lloyd Haigh. Wakaguzi wanaenda kiwandani kwake wanapima waya, nzima, wanaipitisha. Mzigo unapandishwa kwenye mkokoteni. Njiani mkokoteni unaingia kwenye jengo lingine, waya nzima inashushwa inapandishwa mbovu iliyokataliwa, na ile nzima inarudi kiwandani kupimwa tena kesho. Waligundua 1878, waya mbovu imeshafungwa ndani ya kebo na haitoki. Imo mpaka leo!

Sasa kwa nini halijaanguka? Washington Roebling alikuwa amepiga hesabu ya kebo yenye nguvu mara 6 ya mzigo. Akapiga upya na ule ubovu, akapata mara 5 hivi, akaongeza waya 150 nzima kwa kila kebo kwa gharama ya huyohuyo tapeli, kazi ikaendelea. Sasa nyie mkinunua waya wa winchi uliochoka, hiyo mara 6 mnaitoa wapi? Winchi inakunja waya kwenye puli kila siku, nyuzi zinakatika kwa ndani na kwa nje unang'aa grisi.

KatibuWaKamati
Ndaga fijo wakuu, hiyo ya mkokoteni nimeisoma mara mbili. Ila fundi, hela yetu unaijua? Waya mpya tukinunua mbao za kukanyagia hatuna. Naujuaje kama ni mbovu?

FundiMkwawa
Nenda na glovu nzito na kitambaa cha pamba. Futa grisi na mafuta ya taa, alafu pitisha kitambaa waya mzima, sio mita mbili za mwanzo anazokuonyesha yeye. Kikinasa, kuna nyuzi zimekatika. Pima unene kwa venia (kile kipimo cha fundi cha kubana kitu) sehemu kama kumi, pale palipokonda ndo nguvu ya daraja lako yote. Ukiona kutu imeingia kati ya nyuzi au pamewahi kujikunja kama fundo la tai ya shingoni, ondoka. Hata ukipita yote hayo mi bado nasema waya mpya, mbao chongeni za milingoti hukohuko, mbao mtabadilisha mwaka ujao.

Na klampu za kubana ncha ya waya: ile U inakaa upande wa mkia wa waya, ile ncha fupi iliyokunjwa ikarudi, sio upande unaobeba. Nimekuta zimefungwa kinyume kwenye daraja linalopitisha watoto.

Mwanjelwa_1
Huyo muuza waya anakaa wapi kama ni huku Mbeya mjini naweza kukusindikiza, venia ninayo.

KatibuWaKamati
@Mwanjelwa_1 yuko nyuma ya gereji karibu na Mafiati. Njoo Jumamosi saa 3 asubuhi. Nimempigia nikamwambia nakuja na kitambaa kupima roli nzima, kakaa kimya kwanza, alafu akaniuliza kitambaa cha nini.