Nampeleka mama kijijini kusini mwa Ufaransa wiki tatu, ushauri wenu wakuu

MtuWaNgamiani
Wakuu, habari za saa hizi. Dada yangu ameolewa Ufaransa, anakaa nje kidogo ya Sault, kule Provence, upande wa mlima Ventoux. Ametualika mimi na bi mkubwa tukae kwake wiki tatu kuanzia mwisho wa Juni. Mama ana miaka 66, ndege hajawahi kupanda, Kifaransa hajui hata salamu, na maisha yake yote ni Tanga mjini: asubuhi barazani, jioni barazani, kila apitaye anamjua na mamaye. Dada mwenyewe anakiri kuna siku pale kwao husikii ila kengele ya kanisa na nyuki. Naogopa siku ya tatu mama ataanza kuulizia tiketi ya kurudi.

Viza tuanzie wapi, tufikeje, abebe nini, na mtu kama yeye atashindaje kule? Wale wa "nendeni Paris" naomba mpite kimya kimya.

KakaMkubwa77
Sipiti kimya kimya. Wiki tatu kutazama maua? Mpeleke Lushoto, baridi ipo na chenji inabaki.

BintiSahare
Mkuu muache Kaka. Mwambie dada aende ofisi ya meya wa kwao, wanaiita mairie, aombe attestation d'accueil. Ndiyo hati inayoonyesha kwamba nyinyi ni wageni wake na mtalala kwake. Analipia stempu ya euro 30, meya anasaini. Aanze mapema, maana ofisi za vijijini hufunguliwa saa chache tu kwa wiki, na nyinyi mnahitaji karatasi yenyewe, si picha ya WhatsApp. Mkiwa nayo, pesa ya kujikimu mnayotakiwa kuonyesha ni euro 32.50 kwa siku kwa kila mtu. Anayelala hotelini anaonyesha 65.

Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Maombi wanapokea hadi miezi 6 kabla, kwa hiyo usisubiri Mei. Bi mkubwa kwa kuwa hana mwajiri wa kumwandikia barua, ambatanisha hati ya nyumba kama ipo na barua yako ya kumgharamia. Wanataka kuona ana kitu cha kurudia.

MzeeWaReli
Kuhusu kufika: msiingie Paris mjini mkaanza kuburuza mabegi kwenye ngazi za metro na mtu mzima. Ndege ikiwashusha Charles de Gaulle, stesheni ya TGV, zile treni za mwendo kasi, iko humo humo uwanjani, na zipo treni za moja kwa moja hadi Avignon TGV. Hapo mnadaka treni ndogo, TER, hadi Carpentras. Shemeji yenu awasubiri hapo na gari. Kutoka hapo hadi Sault ni kama kilomita 40 za kona tupu. Mama akae mbele.

Mabasi msiyategemee, hasa Jumapili. Mimi niliwahi kushuka kwenye kijiji kimoja kusini huko, ratiba ukutani inasema basi lipo saa kumi. Nimekaa kwenye benchi hadi saa kumi na mbili, paka ndiye mwenzangu. Kuja kutazama vizuri, pembeni ya ile saa kulikuwa na kaherufi kadogo: siku za shule tu. Aliyeniokoa ni bibi mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa wake.

MamaNasra
Nimeishi Luberon miaka sita, si mbali na huko, na mama yangu alikuja mara mbili. Nikwambie kilichomsumbua? Madirisha. Kiangazi wenyeji wanafunga vile vibao vya mbao vya dirishani tangu asubuhi ili joto lisiingie. Kuanzia saa sita hadi saa nane maduka nayo yanafungwa. Mama akatoka nje, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniuliza, "Hawa watu wamehamishwa?" Mwambie mapema, asije akadhani kuna msiba.

Lugha isikutie hofu. Mfundishe neno moja, bonjour, na alitie mbele ya kila jambo. Kuingia duka la mikate bila bonjour ni sawa na kuingia uani kwa mtu bila hodi. Mzungu anayejibu kwa ukavu, mara nyingi umemwanza na shida yako kabla ya salamu. Mama yangu alilielewa hilo kuliko mimi. Wiki ya pili muuza mikate alikuwa anamwekea wake pembeni.

Jumatano mama asikose sokoni. Soko la Sault lipo tangu 1515, na kijiji chote kinamwagika siku hiyo. Jioni wazee wanakaa chini ya miti wakicheza pétanque, wanabishana kuhusu sentimita. Hiyo ni baraza, Kaka, ila ina mipira ya chuma.

Nyongeza: Sault iko juu, zaidi ya mita 700, hivyo lavenda yake, yale maua ya zambarau, huchelewa kuchanua kuliko ya Valensole, upande mwingine wa Provence. Mkiweza kusogeza safari wiki moja au mbili mbele mtaikuta imekolea. Na sweta abebe, hata Julai usiku una ubaridi.

BintiSahare
Kwa anayeswali: jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo Isha ni usiku mwingi hasa. Nyama ya halali mtaipata Carpentras au Avignon, mnunue ya wiki. Akitamani kusikia lugha ya kwao, siku moja mshuke Marseille, Wangazija wamejaa. Hataelewa yote, lakini atacheka.

KakaMkubwa77
Sawa, nimeshindwa. Sasa mizigo. Asibebe samli wala nyama, zinaishia forodhani. Embe pia hapana, bila cheti cha ukaguzi wa mimea. Dagaa wakavu ruksa. Na nazi, amini usiamini, inapita bila cheti, pamoja na ndizi, nanasi na tende.

MtuWaNgamiani
Wakuu nawashukuru sana. Dada anakwenda kwa meya Alhamisi, ndiyo siku wanafungua. Safari tumesogeza hadi katikati ya Julai. Nimemsomea bi mkubwa uzi wote. Viza hakuisikiliza. Ya madirisha akacheka. Kwenye nazi akanikatisha: "Ngapi?" Nimemwambia nne. Sasa hivi yuko uani anazigonga moja moja, na mbuzi kaagiza mpya.