Mama mkwe anataka kumpa mtoto wa miezi 8 maji ya mwarobaini, nimkatalieje?

mamaTwaha_kbh:
Habarini wadau, naombeni ushauri wa haraka ila msinitukane. Mama mkwe kaja kwetu Kibaha toka Muheza, hii wiki ya pili, ni mtu mzuri sina ugomvi nae kabisa, kafika tu kakuta uwanja wa nyuma mtupu akasema ardhi yote hii mnailaza njaa. Basi kapanda mchaichai, kivumbasi karibu na dirisha la chumbani, mnanaa kwenye ndoo iliyopasuka, shubiri mwitu pembeni ya karo, yaani kila nikitoka nje nakuta kitu kipya. Mwarobaini wenyewe ulikuwepo, tuliukuta tulipohamia. Sasa mtoto ana kikohozi tangu juzi na jana usiku akapanda joto. Bibi kachuma majani, kachemsha, katia na asali ili mtoto asiteme, anataka kumpa kijiko asubuhi kijiko jioni. Baba yake anasema na yeye alinyweshwa hayo hayo na mbona hajafa. Nimemwambia mama tusubiri aamke, kikombe nimekificha kabatini nyuma ya unga, hapa naandika nimejifungia chooni. Hivi vitu vipi ni salama vipi si salama? Na nakataaje bila kuonekana mwanamke wa mjini?

duka_la_dawa:
Dada kikombe kiendelee kukaa nyuma ya unga hukohuko. Mimi nasimama kaunta ya duka la dawa mwaka wa tisa sasa na mambo ya majani siyadharau, ila kwa mtoto wa umri huo kuna vitu viwili kwenye hicho kikombe vinanitisha. Mwarobaini kwanza, mafuta yake yameshawaletea watoto wachanga kutapika, kulegea na degedege, na ukichemsha majani nyumbani hakuna anayejua umetoa kiasi gani, konzi ya bibi leo sio konzi ya bibi kesho. Cha pili ni asali na hapa wengi hawajui, mtoto chini ya mwaka mmoja haruhusiwi asali hata ya kulamba, kuna vijidudu vinalala ndani ya asali, mimi na wewe tumbo linavimudu ila kwa mtoto vinaamka vinatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Na usiniambie imechemshwa, hivyo vinastahimili maji ya moto.

Halafu joto limepanda na mpo Kibaha, leo hii apelekwe zahanati apimwe malaria, ni tone la damu tu na majibu hayazidi nusu saa. Akiwa ametulia mhesabie pumzi dakika nzima, kwa umri wake zikifika 50 au zaidi, au kifua kinabonyea chini ya mbavu, au amegoma kunyonya, usisubiri foleni ya kesho.

Mzee wa Mipera:
Haya wameshafika watu wa vidonge 😂 Binti mtoto mpeleke hospitali sikatai, ila msimfanye huyo mama aonekane mchawi. Hapo uwanjani kwako kakupandia duka zima. Mchaichai chai yake jioni kwa watu wazima, tumbo likijaa gesi au una mafua ya kuchoka, mimi nakata majani matatu naviringa fundo natia kwenye birika, sukari kidogo, na kama sina mafua nakunywa pia maana ni tamu. Kivumbasi hakuupanda dirishani kwa bahati mbaya, jioni unatia tawi bichi juu ya makaa mbu wanapungua chumbani, Tanga na Pwani watu wamefanya hivyo kabla hata chandarua hazijaanza kugawiwa (na chandarua weka, sijasema utoe). Shubiri mwitu ukiungua na sufuria unapasua jani unapaka ule ute, ila baada ya kuweka maji ya baridi kwanza, na ule utomvu wa njano unaotoka karibu na ganda usinywe, unaharisha mpaka ujute na mwenye mimba asiuguse kabisa. Majani machanga ya mpera ndo ya kuharisha, nashangaa mpera hajapanda.

Na hizo dawa mseto za malaria mnazotuuzia zimetoka wapi kama sio kwenye jani? Si mmea wa Kichina ule, atemisia, na yule mama wa Kichina Tu Youyou akapewa Nobel 2015.

duka_la_dawa:
Mzee shikamoo. Umesema kweli na ndo maana siku zote nasema sina vita na majani. Ila wao walitoa kile kitu ndani ya jani, wakapima, wakakiunganisha na dawa nyingine ili kimelea kisizoee. Shirika la Afya Duniani mpaka leo halishauri kunywa chai ya atemisia kutibu malaria, kwa sababu kwenye kikombe dawa inakuwa kidogo na haina kipimo, joto linashuka siku mbili unajiona umepona kumbe mdudu yumo. Mtu mzima anaweza akachezea hiyo bahati, mtoto wa miezi 8 hana siku mbili za kuchezea.

Na majani ya mpera sawa kwa mkubwa, ila mtoto akiharisha ni maji na chumvi vinavyomwisha mwilini, mpe ORS na zinki, na aendelee kunyonya. Usiku kama paketi hakuna, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha sio vya kurundika.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo:
Mwanangu hawa wanaume wamekujibu majani, mie nakujibu mkweo. Usimfiche kikombe, akikikuta nyuma ya unga ndo utakuwa umemvunjia heshima kweli. Na usimwambie "mtandaoni wamesema", hapo umekwisha. Mwambie mama twende sote zahanati, wewe ndo umbebe mjukuu wako. Akae mbele ya nesi aulize mwenyewe, mtu mzima akisikia kwa masikio yake haoni kama kashindwa na mke wa mwanawe. Mie mkwe wangu Mola amrehemu alikuwa na mvuje wake, kila mtoto nikizaa anamfunga kwenye kitambaa mkononi, nyumba nzima inanuka, nilimwachia, kwa sababu wa kufunga haumdhuru mtoto. Cha kumnywesha tulikuwa tunakaa tunazungumza. Chagua pa kukaza na pa kulegeza.

Tena msije mkamfukiza huyo mtoto kwa ajili ya hicho kikohozi. 2020 wakati wa korona kila nyumba ina nyungu, jirani yangu alimfunika mjukuu wake kwenye shuka na sufuria la mchaichai na majani ya mlimao, mtoto akarusha mguu, maji yote yakammwagikia pajani. Kovu analo mpaka leo.

Mrihani hajapanda? Mwambie apande, angalau uwe unanukia.

kijana_wa_Same:
Samahani nachomekea, mie nafanya kazi kwenye kitalu cha miche. Dada umesema mti mliukuta. Una uhakika ni mwarobaini? Kuna mwenzake anaitwa mmelia, wengine wanamwita mwarobaini nusu, watu wanachanganya kila siku na matunda yake ni sumu kabisa. Angalia jani, mwarobaini vijani vimejipanga huku na huku kwenye kikonyo kimoja basi, mmelia kikonyo kinatoa vikonyo vingine ndo vijani vinakaa humo, jani zima linakuwa kama limechanika mara mbili. Maua ya mwarobaini meupe, ya mmelia ya zambarau yana harufu tamu. Matunda ya mwarobaini marefu kama zeituni, ya mmelia ya duara na yanabaki juu ya mti yamekauka vishada vishada.

mamaTwaha_kbh:
Jamani. Nimetoka nje na tochi ya simu. Vikonyo vinatoa vikonyo, na chini kumejaa vitunda vya duara vya njano ambavyo Twaha mkubwa huwa anachezea gololi!!! Maua hayapo saizi ila nakumbuka tulipohamia palikuwa na maua ya zambarau nikampiga picha mtoto pale.

kijana_wa_Same:
Huo ni mmelia. Fagia hivyo vitunda leo hii na huyo wa gololi muulize kama alishawahi kuvitia mdomoni.

mamaTwaha_kbh:
Mrejesho. Tumeenda zahanati watatu, bibi kabeba mtoto kama alivyosema Bi Mkubwa. Malaria hana, wamesema ni mafua ya kawaida, wamempa paracetamol ya maji na kuambiwa anyonye sana, pumzi nimehesabu 38. Asali bibi kauliza mwenyewe, nesi kamjibu kwa upole, kakaa kimya njia nzima. Mkubwa anaapa hajawahi kula, anasema alijaribu kumlisha kuku kuku akakataa.

La mti ndo lilikuwa gumu. Nimempelekea jani mezani pamoja na miwani ya mume wangu maana macho yake ya karibu hayaoni vizuri na yeye alichuma jioni. Kaligeuza, kalinusa, katafuna kipande akatema. Kasema "huu siujui". Kikombe kamwaga mwenyewe kwenye karo. Sasa hivi yuko nje anampigia mtu Muheza amletee mche wa mwarobaini wenyewe na basi la kesho, na mume wangu kaambiwa atafute panga.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo:
Na mrihani?

mamaTwaha_kbh:
Ameuagiza 😂