Mpungi (vimisitu vitakatifu vya koo) za Upareni bado zinaogopwa?

Wakuu, juzi nilienda kwa bibi Ugweno, nikaokota kijiti kikavu kwenye kale kamsitu ka ukoo, bibi akanitimua nikakirudishe palepale, na bibi mwenyewe Mlutheri kanisa halimpiti! Hivi hizi mpungi bado zina nguvu?

— Mafuvu ya wazee yaliwekwa mle, nani apeleke panga? Mwiko umelinda chemchemi kuliko bwana misitu na faini zake.

— Tusidanganyane, vijana wa chenso (msumeno wa mashine) hawaogopi mizimu. Kwetu walokole ndo walianza, eti makao ya mashetani, wakafyeka, saivi mfereji vumbi tupu.

— Mi Msabato wa Same, mizimu siamini ila ule mkuyu wa mpungi yetu sikati ng'o, mama anachota maji hapo chini.