Yule bwana wa repita amenidhalilisha hewani leo, na nyie mlikuwepo mkakaa kimya!

SautiYaKoo (mleta uzi)

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Jina simtaji, sina haja. Mnamjua. Yule anayekohoa kwanza ndipo abonyeze, anayeongea kama vile bendi nzima ya mita 2, haya masafa yetu ya redio ya ridhaa ya megahezi 145, kaachiwa urithi na babu yake.

Jioni hii nimeingia kwenye repita, ule mtambo unaopokea sauti zetu na kuzirusha tena mbali, kwa adabu zote. Nimesikiliza kwanza. Nimesubiri mkia wa repita, yale mawimbi matupu yanayobaki kidogo mtu akiachia kitufe, ukatike. Nimetaja alama yangu ya wito, nikaomba ripoti ya mawimbi, yaani niambiwe nasikika vipi. Ripoti tu! Nilikuwa nimetoka kuipanga redio yangu mpya ya mkononi, hii ndogo nyeusi ya bei nafuu ambayo nusu yenu mnayo na mnaificha, nikataka kujua kama toni, ule mlio mdogo unaofungua repita, imekaa na kama naingia vizuri. Basi.

Bwana mkubwa akakohoa. Akanyamaza, mnajua anavyonyamaza, mpaka mtu unadhani betri imekata. Halafu:

"Ukinunua redio, urudi utuambie."

Kisha akageukia habari za antena yake mpya juu ya paa, kana kwamba mimi nimeshakufa na kuzikwa.

UKINUNUA redio! Kwa hiyo hii niliyoishika ni nini, sabuni?

Nimeipima. Nimeiunganisha na mzigo bandia wa omu 50, ule unaomeza nguvu badala ya antena, kipimo kikasoma zaidi ya wati 4 kwenye mita 2. Ofseti, tofauti ya masafa ya kurusha na ya kupokea, ni kilohezi 600, sahihi. Toni ni hezi 88.5, sahihi. Na ushahidi mkubwa kuliko wote ni yeye mwenyewe: ALINISIKIA. Kama hii si redio, alimjibu nani? Sauti imetoka hapa, imefungua repita, imemfikia masikioni, akaielewa neno kwa neno, ndipo akapata cha kutukana.

"Ukinunua redio." Nimekula chakula, nayasikia. Nimeoga, nayasikia.

Na nyie wengine nilikuwa nawasikia. Kuna mtu alibonyeza akaachia bila kusema kitu, repita ikatoa mkia wake mtupu. Ulitaka kunitetea ukaogopa? Jitokeze.

Bwana_Waya

Ngoja wenyewe waje.

Masafa145

Mkuu, nilikuwepo, na ni kweli alisema. Ila punguza jazba. Sauti yako ilikuwa ndogo mno, niliongeza mpaka mwisho nikakupata kwa shida. Una uhakika hukuiacha kwenye chaneli nyembamba? Repita ile ni pana. Ukiirushia kwa nafasi ya kilohezi 12.5, mchepuko wako, yaani kiasi sauti inavyoyumbisha masafa, unakuwa nusu ya wa wenzako, na sauti inafika imesinyaa.

SautiYaKoo (mleta uzi)

Ni PANA. Menyu namba 5, nimeifungua tena sasa hivi, ni pana. Na hata ingekuwa nyembamba, si ndiyo ripoti yenyewe niliyoiomba? Angesema "sauti yako ndogo", ningeshukuru nikashika kazi. Lakini yeye: "Ukinunua redio." Mbele ya watu!

DadaAntena

Pole sana ndugu yangu. Mimi mwenzio siku ya kwanza kuingia hewani aliuliza, "Nani kaacha birika jikoni?" Ilikuwa sauti yangu.

MtegaRepita

Hahaha, birika! Dada umeniua.

Mleta uzi, tuliza moyo. Huyo bwana hata repita ikizimika ataendelea kuhutubia mpaka umeme urudi. Wewe endelea na redio yako.

MzeeWaMorsi

Vijana mnapenda kulia. Sisi redio tulizichomelea wenyewe, tukakaa usiku kucha tunatafuta kosa moja. Leo mtu anafungua boksi, anabonyeza, anataka apigiwe makofi.

Mwenzenu kasema kwa ukali, lakini kasema kitu. Hizo ndogo nyeusi kipokezi chake chote kimo ndani ya chipu moja, na mbele ya chipu hakuna kichujio cha maana. Ukiwa sehemu tulivu inasikia vizuri, tena vizuri kuliko unavyotegemea. Isogeze karibu na mnara wowote wenye nguvu, inakuwa kiziwi. Mnara unarusha matangazo yake, redio inashindwa kumsikia mtu wa barabara ya pili. Hapo mtu atakuita siku nzima, nawe utajibu wengine na kumwacha yeye. Mnaita hiyo redio?

SautiYaKoo (mleta uzi)

Shikamoo mzee, lakini hapo unazungumzia KUPOKEA. Mimi nilikuwa NARUSHA. Na sikumwita mtu nikashindwa kumsikia. Nilimsikia vizuri sana! Ningekuwa kiziwi leo ningelala kwa amani.

Kipimo_Hakidanganyi

Kwenye kurusha napo pana maneno, mleta uzi. Hizi redio hazifanani hata kama zimetoka boksi moja. Nimeziweka kadhaa kwenye mashine ya kuchunguza mawimbi. Moja ilikuwa safi kabisa. Nyingine ukirusha megahezi 145 inakutolea na 290, na 435 nayo inaonekana wazi. Sheria za Marekani, kwa mfano, zinataka redio ya ridhaa ya VHF, bendi kama hii yetu ya mita 2, ya wati zisizozidi 25 mawimbi yake ya ziada yasizidi mikrowati 25. Ile chafu ilikuwa juu sana ya hapo.

Kwa hiyo kipimo chako cha wati hakitoshi. Kile kinajumlisha kila kinachotoka, kilicho chako na takataka, na kukuonyesha namba moja nzuri.

Masafa145

Njia rahisi: rusha 145 upande huu, weka redio nyingine 435, usikilize.

Kipimo_Hakidanganyi

Sio hivyo mkuu. Redio mbili zikiwa meza moja utasikia tu, hata iliyo safi, kwa sababu ile ya kusikiliza imezidiwa. Unganisha na mzigo bandia, ondoka vyumba vingi, na bado utakuwa unakisia. Mashine ndiyo inasema.

Kimya_Kimya

Samahani kuingilia, mimi mgeni humu. Na mimi nina hiyo hiyo ndogo nyeusi. Nimenunua kebo ya kuiunganisha na kompyuta, nimeweka CHIRP, ile programu ya kupanga chaneli, lakini kompyuta inaikataa kebo. Inatoa alama ya njano na kusema kosa namba 10. Nikikopa kebo ya rafiki inakubali. Nimeuziwa kebo mbovu?

Bwana_Waya

AHAAA. Hapo sasa tumefika kwangu. Usilaumu redio, usilaumu CHIRP. Ndani ya kile kichwa cha kebo kuna chipu, na chipu yako ni bandia. Aliyetengeneza ile halisi alichoka kuibiwa, akaiandika draiva mpya, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia chipu, ikague na kuzikataa za bandia. Kebo ni nzima, inanyimwa ruhusa. Ondoa draiva mpya, weka ya zamani, uizuie kompyuta isijisasishie. Mimi hayo niliyajua baada ya kuivunjavunja kebo nzima kwa hasira, na muuzaji akaniambia kompyuta yangu ndiyo ina virusi. VIRUSI! Huyo ndiyo afunguliwe uzi.

DadaAntena

Wauzaji wote ni ukoo mmoja. Mimi niliomba antena ndefu ya redio hiyo. Redio ina sindano katikati, kwa hiyo antena inatakiwa iwe na tundu. Jamaa kaniletea yenye sindano. Sindano kwa sindano! Akaniambia nikaze tu, itaingia.

MtegaRepita

Ukakaza?

DadaAntena

Usiniulize.

SautiYaKoo (mleta uzi)

Jamani, uzi huu unahusu kudhalilishwa hewani. Kebo zina uzi wake. Naomba mtu mmoja tu aseme: je, ni haki mtu kuomba ripoti ya mawimbi akajibiwa "ukinunua redio, urudi utuambie"?

MtegaRepita

Si haki, mkuu. Tumeshasema.

Ila na mimi nina langu. Kile kipengele cha kusikiliza masafa mawili kwa pamoja, ni nani alifikiria kiwe kinawashwa toka kiwandani? Naongea na mtu kwenye repita, mstari wa juu wa kioo, ghafla mtu anaita kwenye masafa ya mstari wa chini, redio inahamia kule. Nabonyeza kumalizia sentensi yangu, naimalizia kwa watu nisiowajua. Nilikuwa naeleza habari za jipu la shemeji yangu.

Masafa145

Menyu namba 7, zima. Kitu cha kwanza kabisa ukifungua boksi. Cha pili ni king'ora. Ukishikilia kile kitufe cha pembeni kwa bahati mbaya inalia, tena inarusha mlio hewani. Mtoto wangu ametangaza hali ya hatari kwa bendi nzima.

MzeeWaMorsi

Na huyo mwanamke wa ndani anayesoma kila kitufe ukibonyeza? Menyu namba 14, mnyamazishe. Usiku nimeamsha nyumba nzima nikitafuta chaneli.

Kimya_Kimya

Draiva ya zamani imekubali, asante sana Bwana_Waya! Alama ya njano imeondoka. Lakini sasa CHIRP inasema redio haijibu.

Bwana_Waya

Plagi haijaingia mpaka mwisho. Hiyo plagi ina pini mbili, na mara nyingi plastiki yake inagota kwenye ganda la redio kabla pini hazijafika. Sukuma kwa nguvu mpaka usikie imeingia. Ikigoma, chonga ile plastiki kidogo kwa wembe. Ongeza sauti ya redio, iache kwenye chaneli isiyo na mtu, ndipo ujaribu tena.

Kipimo_Hakidanganyi

Na uache kompyuta kabisa ukitaka, vitufe vinatosha.

Bwana_Waya

Vitufe vinatosha kumtoa mtu roho! Unaingiza masafa ya kupokea, ofseti, mwelekeo, toni. Unahifadhi chaneli. Unatoka, unageuza upate masafa ya kurusha, unahifadhi TENA kwenye chaneli ile ile. Na kama chaneli ina kitu, lazima ukaifute kwanza, la sivyo haiandiki. Halafu baada ya jasho lote hilo, jina la chaneli huwezi kuliandika kwa vitufe. Huwezi! Mpaka kompyuta.

Kipimo_Hakidanganyi

Ukiwa porini na repita imebadilisha toni utaibeba hiyo kompyuta kichwani? Kila mwenye redio hii ajue kuweka chaneli moja kwa vidole. Moja tu.

DadaAntena

Hapo nakubaliana. Na ajue toni mbili ni vitu viwili: menyu namba 13 ni ya kurusha, namba 11 ni ya kupokea. Watu wanajaza zote, halafu wanalalamika repita imekufa, kumbe repita yao hairudishi toni na redio imewafungia masikio. Jazeni ya kurusha tu mpaka muwe na uhakika.

SautiYaKoo (mleta uzi)

Mimi nilijaza ya kurusha tu! Ndiyo maana nilimsikia kila herufi! "Ukinunua redio…"

Masafa145

Mkuu tumeelewa.

Kimya_Kimya

IMESOMA! Imeshusha chaneli zote 128, naziona kwenye jedwali. Sasa nianze kujaza?

Bwana_Waya

Usiguse kwanza! Hifadhi hiyo faili kama ilivyo, iite ya asili, uiweke mbali. Fungua nakala, jaza kwenye nakala, ndipo uipandishe kwenye redio. Ukiharibu, ya asili itakuokoa.

MtegaRepita

Na usikubali faili ya redio ya mtu mwingine hata kama zinafanana kwa nje. Toleo la programu ya ndani likitofautiana, ni balaa. Kopi mistari ya chaneli tu, ubandike kwenye faili yako.

Kimya_Kimya

Sawa wakuu. Nimehifadhi. Kwenye safu ya toni kuna machaguo mengi, nichague lipi kwa repita ya 88.5?

DadaAntena

Lile linaloweka toni ya kurusha peke yake. Na kabla hujaondoka, hiyo antena iliyokuja na redio yako ina tundu au sindano? Nina moja hapa haina kazi.