Euro 150 kwa shaba za Kirumi: mfuko wa zisizosafishwa, folisi za Konstantino, au sestertio moja?

Mdau_Mpya77
Wakuu, habari za humu. Nataka kuanza kukusanya sarafu za shaba za Dola la Roma na bajeti ni euro 150, posta ndani. Njia ninazoziona ni tatu: mfuko wa sarafu 40 zisizosafishwa, folisi (sarafu ndogo za shaba) saba au nane za enzi ya mfalme Konstantino, karne ya nne, zimesafishwa na kutambuliwa, au sestertio (sarafu kubwa ya zamani zaidi) moja ya mfalme Antoninus Pius iliyochakaa kiasi. Ipi ina faida kwa mtu anayetaka kujifunza? Makazi ni Dar, kama hilo lina uzito.

Kipimo_na_Mizani
Lina uzito sana, ila nitawaachia wengine hilo. Kabla ya bei, elewa kwamba unalinganisha mifumo miwili iliyoachana kwa zaidi ya miaka 300.

Sestertio ni ya mpango wa sarafu wa mfalme Augustus wa mwaka 23 KK hivi. Yenyewe na dupondio, sarafu ndogo yake, ziligongwa kwa shaba ya manjano, yaani shaba yenye zinki, na asi, ndogo zaidi, kwa shaba nyekundu. Sestertio ya karne mbili za kwanza ina gramu 23 hadi 27 na upana wa milimita 32 hadi 35. Dupondio ni gramu 12 au 13, asi ni 10 au 11. Hizi mbili huchanganywa kila siku kwa sababu kutu huficha rangi ya chuma. Tazama kichwa: kuanzia Nero, kwa kawaida dupondio huwa na taji la miale na asi ina taji la majani au kichwa kitupu.

Folisi ililetwa na mfalme Diokletian mwaka 294 hivi, ikiwa na gramu 10 na fedha kidogo ndani. Ilianza kupungua baada ya 307. Kufikia 318 ilikuwa gramu 3 tu, na zile za askari wawili zenye maandishi GLORIA EXERCITVS ni gramu 2.5 kwenda chini hadi 1.5, upana milimita 15 hadi 18. Kwa kifupi, ni karibu sawa na kucha ya kidole gumba. Picha za mauzo huzikuza, kifurushi kikifika mtu anadhani ametapeliwa. Soma milimita na gramu kabla ya kusoma jina la mfalme.

Mzibua_Kutu
Nizungumzie mfuko, maana ndio unaovutia macho kwa bei. Sarafu 40 kwa euro 3 au 4 kila moja inaonekana neema. Tatizo ni kwamba mfuko huo umeshapita mikono kadhaa. Kubwa, zenye uso unaosomeka na zenye fedha zilichambuliwa mapema. Ulichouziwa ni makapi ya karne ya nne. Kati ya 40, ukipata tano zinazosomeka mpaka jina la kiwanda kilichozigonga, muuzaji wako hakuwa mchoyo.

Kazi yenyewe iko hivi. Osha udongo kwa mswaki laini. Loweka kila sarafu kwenye kikombe chake cha plastiki au kioo, usirundike, kwa sababu moja yenye kloridi (chumvi inayokula shaba) itaharibu maji ya zote. Maji yawe yaliyokenekwa kwa mvuke. Sheli nyingi huyauza kama maji ya betri, lakini soma chupa vizuri, maana kwenye rafu hiyohiyo kuna asidi ya betri na hiyo itakula sarafu. Badilisha maji kila baada ya siku tatu wiki ya kwanza, kisha mara moja kwa wiki. Wiki sita ni mwanzo tu. Kila unapobadilisha, chokoa kwa kijiti cha meno chini ya lenzi, ukifuata mpaka wa herufi na usiingie juu yake.

Mafuta ya zeituni yanalainisha uchafu mgumu lakini ni ya miezi, yana asidi kidogo na hufanya patina, yaani tabaka la rangi lililoota juu ya shaba kwa miaka, iwe nyeusi. Siki, ndimu, Coca-Cola, brashi ya waya wa chuma: hapana kwa vyote. Kusafisha kwa umeme ndiko kubaya kuliko vyote hivyo. Mchoro wa sarafu ya kale mara nyingi haupo tena kwenye chuma, uko ndani ya tabaka la patina lenyewe. Ukilivua tabaka unabaki na kipande cha waridi chenye mashimo, na hakuna dawa ya kurudisha.

Bi_Mwanapwani
Sasa suala la Dar. Kwenye shaba ya kale hubaki kloridi ya shaba chini ya patina, kavu na tulivu. Unyevu wa hewa ukipanda, inachukua maji na oksijeni, inatengeneza asidi, asidi inakula shaba, kloridi mpya inazaliwa, mzunguko unaendelea. Unachokiona ni unga wa kijani mpauko, laini kama poda, ukiguswa kwa kijiti unatoka. Patina salama ni ngumu, inang'aa kidogo na haitoki. Ili mambo yatulie unataka unyevu chini ya asilimia 40. Hewa ya pwani yetu huzidi 70 kwa miezi mingi, hivyo sarafu iliyokaa sawa miaka 20 kwenye droo ya Munich inaweza kuanza kuota unga ikifika Kariakoo.

Suluhisho si ghali: boksi la plastiki lenye mpira mfunikoni, silika jeli ya kubadilika rangi, na kipima unyevu kidogo ndani. Jeli ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120, uirudishe. Usitumie vifuko laini vya PVC. Vinatoa kilainishi chake na kuacha utelezi wa kijani juu ya sarafu. Tafuta vya Mylar au poliethilini.

Ikishaanza: kwangua unga wote chini ya lenzi, kisha loweka kwenye sodiamu seskwikaboneti ya asilimia 5, gramu 24 za soda ya kufulia kavu na gramu 19 za soda ya kuokea kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa. Badilisha kila wiki. Kuna watu watasema tumia magadi ya sokoni, na kwa kemia hawajakosea, magadi ni madini hayohayo. Lakini magadi ghafi ya maziwa yetu huja na chumvi ya kawaida ndani, yaani kloridi ileile unayojaribu kuitoa. Baadaye suuza kwa maji yaliyokenekwa mara kadhaa, tumbukiza kwenye asetoni safi (si ile ya kucha, ina mafuta na manukato), kausha, paka nta ya mikrokristalini. Ujue tu dawa hii inaweza kubadilisha rangi ya patina. Usiitumie kwa sarafu isiyo na tatizo hili eti kinga.

Lenzi10
Kwa sestertio mimi naweka alama ya tahadhari. Upana wake unampa fundi nafasi ya kuichezea. Mchezo wa kwanza ni kusawazisha, uwanja (sehemu tupu inayozunguka picha) unakwanguliwa na kupakwa rangi ili uonekane laini. Wa pili, mbaya zaidi, ni kuchonga upya nywele, ndevu na herufi. Chukua lenzi ya sonara ya mara 10, tazama nywele halafu tazama nguo za mungu upande wa nyuma. Kama nywele ni kali kama jana na nguo zimelala kabisa, uliza kwa nini. Tazama pia mikwaruzo inayokwenda sambamba pembeni mwa herufi, na patina iliyokatika hapohapo. Pamba yenye asetoni ikitoka na kijani, hiyo ni rangi.

Feki za kumiminwa kwenye kalibu zina vishimo vya hewa, kingo za herufi zimeyeyuka, na kwenye ukingo wa sarafu kuna mstari au dalili ya tupa iliyoufuta. Halafu kuna kazi za Giovanni da Cavino wa Padua (1500–1570), aliyeiga sestertio kwa ustadi hadi leo zina wakusanyaji wake. Ukiona sestertio ya mfalme Otho "kutoka Roma", funga ukurasa: kiwanda cha Roma hakikumgongea shaba kabisa.

Kwa euro 150 unapata Antoninus Pius, Faustina au Marcus Aurelius mwenye uso mzuri na nyuma hafifu. Gordian III pia, ingawa wakati wake uzito ulishashuka hadi karibu gramu 20. Ni sarafu moja, lakini ni ile ambayo mgeni akiishika anaelewa mara moja.

Hati_Kwanza
Nyongeza fupi. Mfuko wa "kutoka Balkani" usio na karatasi ndio wenye mashaka zaidi kisheria. Uturuki na Misri haziruhusu vitu hivi kutoka. Marekani inazuia aina kadhaa kutoka Bulgaria tangu 2014, na kanuni ya Umoja wa Ulaya 2019/880 kuhusu kuingiza mali za kale inatumika kikamilifu tangu 28 Juni 2025. Dai ankara yenye maelezo ya sarafu, picha, na mkusanyo au mnada ilikotoka. Sarafu iliyotambuliwa moja moja huweza kuwa na hayo. Mfuko hauwezi.

Mzibua_Kutu
Hapo sipingi. Anayetaka kujifunza kusafisha anunue tano au sita zilizosafishwa nusu, kwa muuzaji mwenye ankara.

Kipimo_na_Mizani
Kura yangu ni folisi, na msidhani wingi wake unamaanisha feki. Mwaka 2016 huko Tomares, karibu na Sevilla, mtaro mmoja ulitoa mitungi 19 yenye takriban kilo 600 za folisi. Ziligongwa kwa mamilioni. Sarafu nane zinaweza kukupa viwanda vinane, kwa herufi zilizo chini ya picha ya nyuma: TR ni Trier, SIS ni Siscia, SMN Nikomedia, SMAN Antiokia, PLON ni London. Mwenye kupenda Afrika atafute za Karthago, kiwanda kilichofanya kazi kwa Diokletian na wenzake hadi 307, zenye maandishi SALVIS AVGG ET CAESS FEL KART. Hizo ni kubwa na nzito, bei yake pia.

Mdau_Mpya77
Nimewaelewa, naegemea folisi. Nimeona hii: Konstantino II, GLORIA EXERCITVS, gramu 2.1, milimita 17, euro 18. Chini imeandikwa SMK na herufi nyuma yake isiyo wazi, A au Δ. Muuzaji ameandika tu "330–341".

Kipimo_na_Mizani
Amekuwa mvivu, unaweza kuupunguza muda huo mwenyewe. Hesabu bendera kati ya wale askari wawili. Zikiwa mbili ni 330 hadi 335, ikiwa moja ni 335 na kuendelea. Uzito wa 2.1 unaelekea kwenye mbili. SMK ni Kizikos, na herufi ya nyuma ni ya karakana ndani ya kiwanda. Viwanda vya mashariki vilitumia herufi za Kigiriki, kwa hiyo A na Δ zote zinawezekana. Soma na upande wa uso: CONSTANTINVS IVN NOB C ni kijana akiwa bado Kaisari (mfalme mdogo, chini ya Augusto), kwa hiyo kabla ya Septemba 337.

Omba picha ya sehemu ya chini ya mstari wanaposimama askari, mwanga ukitoka ubavuni. Tafuta nukta kabla au baada ya SMK, maana nukta hutenganisha toleo na toleo, na namba ya RIC (katalogi kuu ya sarafu za wafalme wa Roma) hubadilika nayo. Kisha linganisha kwenye OCRE, hifadhidata ya mtandaoni ya sarafu hizo, ni bure. Euro 18 ni sawa kama herufi za uso zote zipo. Kama jina limekatika nusu, mpe 10.

Bi_Mwanapwani
Na uulize kama kuna kijani mpauko popote kwenye ukingo. Picha za wauzaji huwa haziuonyeshi.