Ile pesa ya korona kwa wakulima 2020, nani aliiona? Tupeane uzoefu

Wadau, mnakumbuka Mei 23, 2020 Uhuru Kenyatta, rais wa Kenya wakati huo, alitangaza ule mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kuinua uchumi, na humo ndani kulikuwa na bilioni 3 za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000 kwa njia ya vocha ya simu, halafu bilioni 1.5 za kusaidia wazalishaji wa maua na mboga za kuuza nje. Nataka kusikia ilivyokuwa mashinani, ulipata, hukupata, mwaga hapa.

Naanza mimi. Niko Trans Nzoia, huku mahindi tunapanda Machi kuingia Aprili, sasa mtu akikutangazia mbolea mwisho wa Mei mahindi yashafika magotini anataka uipeleke wapi? Jina niliandikisha, kitambulisho, ekari, namba ya simu, nikangoja meseji mpaka nikavuna.

kodi_shamba: Wewe hata uliandikwa. Mimi shamba nalima ni la kukodi, mwenyewe anakaa Nairobi, na Nairobi ilikuwa imefungwa tangu Aprili hakuna kuingia hakuna kutoka, naambiwa leta mwenye shamba ama barua yake. Mwishowe jina lililoingia kwa orodha ni la huyo mwenye shamba ambaye sidhani anajua jembe linashikwa wapi. Sina kinyongo, alinitumia kitu kidogo, lakini mpango ulikuwa wa anayelima ama wa mwenye hati?

Nyambura254: Sisi tulipata, tusidanganyane. Meseji iliingia kwa simu ya mamangu, unaweka mchango wako kwanza halafu unaenda agroveti (duka la pembejeo) iliyo kwa orodha unachukua mbolea na mbegu. Pesa mkononi hushiki, na kwa maoni yangu hapo walifikiria vizuri, mwaka ule pesa taslimu ingeishia kwa unga na madeni ya duka. Shida ni agroveti ya karibu haikuwa kwa orodha, tukafuata ya mbali, nauli ya kubeba magunia ikala utamu wote.

mvuna_waridi: Naivasha hapa, na sina shamba, mimi ni wa kuvuna. Machi 2020 soko la Ulaya lilianguka, ndege hamna, tukawa tunakata maua tunayatupa, kila siku hivyo, unakata ua zuri kabisa unatupa, baadaye tukaambiwa tuende likizo bila malipo. Hiyo bilioni 1.5 niliisikia kwa redio tu, ilikuwa ya kusaidia wazalishaji wafikie soko la nje, mvunaji hayumo. Nilipanda sukuma wiki nyuma ya nyumba nikauzia wapangaji wenzangu, ndiyo ikanisukuma mpaka tukaitwa kazini tena, na si wote walioitwa.

babaNg'ombe: Nauliza tu, sisi tuliokuwa tunauzia shule maziwa na kabeji, shule zikafungwa Machi, tulikuwa fungu gani? Maana mbolea ninayo tele nyuma ya zizi, kilichokosekana ni soko!!

(mwenye uzi) Hahaha mzee umenimaliza. Kweli vocha ya mbolea kwa mtu aliyekosa mnunuzi sioni ilimsaidia vipi. Wa miraa nao hivyohivyo, ndege za kwenda Somalia zilisimama Machi hiyohiyo. Kuna mtu wa Meru humu, kwenye miraa yenyewe? Huko mlipewa chochote ama mlisahaulika kabisa?