Kuku wa mayai wananyonyoana manyoya mpaka damu: nianzie wapi?

Mama wa Keshero

Jambo wote. Naomba msaada. Kuku wa mayai 22, aina ya Isa Brown: 18 wana wiki 27, na 4 wadogo wa wiki 20 wameongezwa mwezi jana. Banda lina mita 2 kwa mita 1.5, kuta za mawe ya lava, mabati juu, chini saruji na maranda kidogo. Hawatoki nje kwa sababu ya wezi na mbwa. Chakula ni kilo 10 za pumba za mahindi kwa kilo 1 ya konsantre (chakula cha nguvu cha dukani). Kihori ni kimoja, sentimita 60, wanakula pande zote mbili. Ampuli (balbu ya taa) ya wati 60 inawaka ndani usiku kucha.

Mgongo na juu ya mkia vimebaki ngozi tupu kwa wengi, na wawili wanatoka damu karibu na tundu la kutolea mayai. Jogoo hakuna. Ajabu ni kwamba chini sioni manyoya. Jirani anasema dawa ni kukata midomo kwa wembe. Je, ni kweli?

Veto Katindo

Mama, wembe uuweke kando kwanza. Leo hii, kabla ya jua kuzama, watoe hao wawili wenye damu. Kuku akishaona damu kwa mwenzake hataacha, na wengine watajifunza kwake. Kufikia kesho kutwa unaweza kukuta utumbo nje. Uwatenge ndani ya banda hilohilo, nyuma ya wavu, ili waendelee kuonana na wenzao. Ukiwapeleka mbali, siku ya kurudi watapokelewa kama wageni, na vita vitaanza upya.

Kidonda ukioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, gramu 9 kwa lita (kijiko cha chai kimoja na nusu), kikauke, halafu upake violeti (dawa ya vidonda ya rangi ya zambarau). Rangi hiyo inaficha wekundu. Nzi wakikizunguka, kikague asubuhi na jioni, maana funza huingia haraka chini ya mkia.

Sasa soma mahali manyoya yalipotoka. Kichwani, pamoja na vidonda kwenye upanga (kilemba chekundu), ni ugomvi wa ukubwa. Shingoni mbele mara nyingi ni ukingo wa kihori unaosugua. Mgongoni, penye jogoo, ni jogoo. Shingo ikianza, vichipukizi vya manyoya mapya vikaonekana pande zote mbili sawasawa, huyo anabadilisha manyoya tu. Juu ya mkia bila jogoo, kama kwako, ni kunyonyoana kwenyewe. Na kutoyaona chini maana yake wanayala. Kuku anayekula manyoya anatafuta kitu ambacho kihori hakimpi: protini, chumvi au nyuzinyuzi.

Tafuta pia mkosaji. Mtazame yule mwenye manyoya kamili, anayeng'aa kuliko wote. Mara nyingi ni mmoja au wawili tu. Mfungie peke yake siku 4 au 5; akirudi atakuwa ameshuka cheo.

Papa Sambaza

Veto amesema vizuri, ila mimi naona kosa kubwa liko kwenye chakula, hata kabla ya banda. Unyoya ni protini karibu wote. Pumba zina asilimia 9 au 10 ya protini. Kama konsantre yako ni ya asilimia 40 (soma mfuko), mchanganyiko wako unafika 12 au 13 hivi. Kuku anayetaga anahitaji 16 mpaka 18. Yai litatoka kwanza, unyoya utalipa deni.

Provenda (chakula cha kuku) ya kilo 100 unayoweza kuchanganya mwenyewe: mahindi ya kusaga kilo 55, pumba za ngano 10, soya ya kukaanga 17, sambaza (samaki wadogo wa ziwani) kavu za kusaga 7, chokaa ya mifugo 8, primiksi (vitamini na madini) ya kutaga 2.5, chumvi gramu 300. Inatoa karibu asilimia 16.5 ya protini. Kila kuku gramu 115 mpaka 120 kwa siku, kwa hiyo wako 22 wanakula kilo 2.6.

Mambo yanayoharibika hapo:

Soya mbichi. Ina kizuizi kinachozuia protini kusagwa tumboni, hivyo ni hasara tupu. Kaanga mpaka ipate rangi ya kahawia na harufu ya karanga, kisha pasua punje: ndani isibaki kijani.

Sambaza za Kituku, soko la samaki hapa Goma, zilizoanikwa chini huwa na mchanga mwingi. Zipepete kabla ya kuzipima, la sivyo unapima mchanga. Usiziache, maana zinaleta methionini (sehemu mojawapo ya protini) ambayo mahindi na soya wanayo kidogo, na ndiyo hasa inayojenga unyoya. Ukipita kilo 10 kwa 100, mayai yataanza kunuka samaki. Na kama samaki wametiwa chumvi, ile ya gramu 300 uiondoe.

Chokaa ya mafundi wa ujenzi, hapana! Inaunguza. Omba ile ya mifugo, au maganda ya konokono yaliyosagwa.

Usibadilishe chakula kwa siku moja. Changanya robo mpya, kisha nusu, kisha robo tatu, kwa muda wa wiki.

Ndosho Kuku

Mnamwongezea protini na ampuli inawaka usiku kucha! Kuku wasiolala wana saa 24 za kudonoana. Hapa Goma jua linatupa saa 12, mwaka mzima karibu sawa. Mpe mwanga mpaka saa 2 na nusu usiku, basi, jumla saa 14 na nusu. Weka ampuli ndogo ya rangi ya njano, si nyeupe kali. Ya kuzuia wezi ining'inie nje, ielekee lango, isiingize mwanga ndani.

Hao 4 wadogo wanaanza kutaga sasa. Kuku akimaliza kutaga, tundu lake linabaki limejitokeza jekundu kwa muda mfupi, na mwanga mkali unawaonyesha wenzake. Ndiyo sababu kiota kiwe giza: sentimita 30 kwa 30, kimo 35, pazia la gunia mbele, kimoja kwa kuku 5. Wewe unahitaji vitano. Fito za kulalia zisiwe kwenye kimo cha kichwa cha aliye chini, maana anayelala juu anakuwa ameweka mkia mdomoni mwa mwenzake. Zipandishe sentimita 70 au zaidi. Kila kuku sentimita 18.

Nafasi: kuku 22 kwenye mita za mraba 3 ni zaidi ya 7 kwa mita. Wasiotoka nje, usipite 5 au 6. Ama uuze 6, ama uweke ua wa wavu uliofunikwa juu. Ongeza kihori cha pili cha sentimita 60 pia, kwa sababu kila mmoja anataka sentimita 10 za kihori na sasa wanatosha 12 tu. Wanyonge wanakula mwisho, na hao ndio wanaonyonyolewa.

Tena, ardhi yetu ni lava. Kwenye nyasi kuku anashinda akiparua. Kwenye saruji mdomo hauna kazi. Maranda yafike sentimita 8 mpaka 10, yageuze kila siku, na jioni tupa ndani yake gramu 5 za mahindi mazima kwa kila kuku. Funga shu (kabichi) nzima au lengalenga (mchicha) kwa waya, kwenye kimo cha kichwa. Na boksi la kuogea vumbi: sentimita 60 kwa 40, mchanga mkavu sehemu mbili, majivu ya kuni sehemu moja.

Mama wa Keshero

Aksanti sana. Violeti sina, nina ile dawa nyekundu ya vidonda, inafaa? Majani ya muhogo je, ninayo mengi. Na wadudu nitawajuaje?

Veto Katindo

Dawa nyekundu hapana kabisa. Wataidonoa kama damu. Heri kutopaka kitu, uoshe tu.

Majani ya muhogo mabichi yana sumu, usiwape.

Utitiri mwekundu mchana hujificha kwenye nyufa za fito, na usiku ndiyo hupanda juu ya kuku. Saa mbili baada ya giza, pitisha kitambaa cheupe chini ya fito. Kikitoka na madoa mekundu, wapo. Toa kuku, nyunyizia permetrini (dawa ya kuua wadudu) kwenye mbao na nyufa za mawe, acha vikauke, na urudie baada ya siku 7, kwa sababu mayai yao hayafi mara ya kwanza. Kuta za lava zina mashimo mengi, kwa hiyo zipake udongo laini kabla.

Chumvi: kama unashuku imepungua, weka kijiko cha chai kimoja kwa lita 4 za maji, asubuhi moja tu, mchana uwarudishie maji safi. Usizidishe hapo, maana chumvi nyingi inaua.

Ndosho Kuku

Na wembe, ili tusiuache: mwenye kosa peke yake, ncha ya mdomo wa juu tu, milimita 2 au 3, kwa kikata kucha, kisha piga tupa. Ukiona sehemu ya waridi, simama. Ndani kuna damu na hisia. Ukikata sana atashindwa kuokota chakula, na ukikata kidogo ncha itarudi baada ya wiki chache. Chakula kikibaki kilekile, tabia itarudi nayo.

Papa Sambaza

Mama, usitarajie migongo ifunikwe wiki hii. Unyoya uliong'olewa mzima huota tena kwa wiki 6 mpaka 8. Uliovunjika ukabaki kisiki hauoti mpaka wabadilishe manyoya. Vichipukizi vipya vimejaa damu na vinawavutia wengine, kwa hiyo wale wawili wasirudi mpaka ngozi ikauke kabisa. Wakati wa kuondoa wavu, fanya usiku.